Kingamwili Kwenye Damu Si Ushahidi Kwamba Unaumwa

Jirani yangu wa hapa Majengo, Moshi, mama wa makamo anayeuza ndizi katika Soko la Mbuyuni, alinipitia jioni moja akiwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwalimu," kisha akaikunjua ile karatasi juu ya meza. "Hebu nisomee. Hii ni mara ya tatu mwaka huu naambiwa nina taifodi, na dawa za mwanzo nilizimaliza zote. Halafu hii O ni kundi langu la damu, au?"

Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu, kwa kalamu ya bluu: O 1:160, H 1:80. Chini yake yalifuata majina ya dawa za siku 14. Sikumwambia aache dawa, kwa sababu mimi hufundisha baiolojia na si daktari, lakini swali lake lilinikaa kichwani, kwa kuwa nimelisikia kwa sura mbalimbali kutoka kwa wazazi, wanafunzi na walimu wenzangu. Mtu anawezaje kuwa na taifodi ile ile kila baada ya miezi michache? Jibu limejificha katika neno ambalo halikuandikwa mahali popote kwenye ile karatasi, nalo ni kingamwili.

Kingamwili ni protini zenye umbo linalokaribiana na herufi Y, zinazotengenezwa na aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B. Mikono miwili ya juu ya hiyo Y hushika kitu kimoja mahususi, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake, na mguu wa chini huita msaada wa kinga nyingine za mwili. Kazi yake ilionekana waziwazi kwa mara ya kwanza mwaka 1890, pale Emil von Behring wa Ujerumani na Kitasato Shibasaburo wa Japani walipoonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya pepopunda yanaweza kumkinga mnyama mwingine. Majimaji hayo ya rangi ya manjano, yanayobaki damu ikishaganda, huitwa seramu, na ndiyo yaliyopimwa ili kuandika ile karatasi ya jirani yangu.

Wengi wetu tunafundishwa kwamba kingamwili hutokea baada ya kuumwa au kuchanjwa. Ni kweli, lakini si kweli yote, na swali la jirani yangu kuhusu kundi la damu ndilo linalotupa njia nyepesi ya kuliona hilo. O ya kwenye karatasi yake haikuwa kundi la damu, lakini mtu mwenye kundi la damu O ana kingamwili zinazoshambulia damu ya kundi A na ya kundi B, hata kama hajawahi kuongezewa damu hata tone. Ndiyo sababu damu hulinganishwa kwanza kabla mgonjwa hajaongezewa. Karl Landsteiner alieleza makundi haya mwaka 1901, na kwa miaka mingi swali likawa ni nani aliyeufundisha mwili kutengeneza silaha dhidi ya damu ambayo haujawahi kukutana nayo.

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa vifaranga. Mwaka 1959 Georg Springer na wenzake walilea vifaranga katika mazingira yasiyo na bakteria kabisa, wakaona hawakutengeneza kingamwili dhidi ya kundi B kama wenzao wa kawaida. Walipolishwa bakteria wa tumboni wenye sukari zinazofanana na za kundi B, kingamwili zikatokea. Mwili, kwa hiyo, ulikuwa umejifunza kutoka kwa wakazi wa utumbo wake wenyewe. Wakazi hao ni wengi kuliko tunavyodhani: hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 iliweka bakteria wa mtu mzima kwenye takriban trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wake.

Kingamwili zinazopatikana kwa mtu asiyechanjwa wala kujulikana kuugua ndizo huitwa kingamwili za asili. Jina hili lina kauchanganyiko ndani yake, na ni vema tukautegua sasa hivi. Wapo watafiti wanaolitumia kwa maana finyu, yaani zile ambazo mwili huzitengeneza hata bila kuguswa na bakteria yeyote. Na kweli, panya wanaolelewa bila bakteria huwa na IgM, aina ya kingamwili kubwa yenye Y tano zilizounganishwa na mikono kumi, kwa kiwango kisichotofautiana sana na cha panya wa kawaida, ingawa aina nyingine kama IgG na IgA hupungua mno. Wengine hutumia jina hilo kwa maana pana, wakihesabu pia zile tunazozipata kimyakimya kwa kuishi tu, kula, kunywa na kushikana mikono. Katika makala haya nalitumia kwa maana pana, kwa kuwa ndiyo inayoigusa karatasi ya jirani yangu.

Sasa tumtazame bakteria mwenyewe. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmaki, aligundua njia ya kutia bakteria rangi ambayo iliwagawa katika makundi mawili makubwa: wanaoishika rangi ile na wanaoiachia ikioshwa. Hawa wa pili, ambao ni pamoja na bakteria wa taifodi, E. koli wa tumboni, bakteria wa kisonono na mmojawapo wa bakteria wa homa ya uti wa mgongo, huwa na tabaka la ziada. Aliyewahi kumenya kahawa mbivu ataelewa upesi. Ukiminya tunda jekundu, ngozi ya nje hutoka, chini yake kuna ganda gumu la rangi hafifu, na ukilipasua hilo ganda unakuta bado kuna kiutando chembamba kinachoikumbatia punje. Bakteria hawa nao wana utando wa ndani, ukuta mwembamba katikati, na utando wa nje unaofunika vyote.

Huo utando wa nje umetobolewa na kushikizwa na protini. Baadhi yake zina umbo la pipa lililo wazi juu na chini, na kazi yake ni kuwa malango: chakula hupita, na dawa nyingi za antibiotiki nazo hupita humo humo. Watafiti huyaita mapipa hayo porini, jina ambalo halina uhusiano wowote na pori. Bakteria hawezi kuishi vizuri bila malango, na hawezi kuyabadilisha apendavyo kwa sababu lango likibadilika sana halifanyi kazi tena. Protini moja ya utando huu yenye umbo la pipa, OmpA, inafanana kwa kiasi kikubwa kati ya E. koli anayeishi kwa amani tumboni mwako na ndugu zake Klebsiela na Salmonela, jamii ambayo bakteria wa taifodi yumo. Ni kama mageti ya mtaa mmoja yaliyochomelewa na fundi yule yule: ukilijua moja, mengine hayakupi shida. Mwili uliojifunza lango la E. koli tangu utotoni unaweza kuwa na kingamwili zinazogusa pia lango la Salmonela ambaye haujawahi kuugua kwa ajili yake.

Lakini lango halionekani kirahisi kutoka nje. Nje ya utando huo zimesimama nyuzi ndefu za sukari zilizopandwa juu ya mafuta, na zimesongamana. Mfano ninaoupenda ni kihamba, yaani shamba la migomba la Wachaga linalozunguka nyumba. Anayepita barabara ya Kibosho au Machame haoni milango ya nyumba, anaona migomba. Nyumba ipo, milango ipo, lakini jani la mgomba ndilo la kwanza kukugusa. Hizo sukari ni migomba ya bakteria, na protini za utando wa nje ni milango iliyo nyuma yake. Ushike mfano huu, kwa maana tutaurudia pale jambo litakapokuwa zito.

Turudi kwenye karatasi. Kipimo kilichoandikwa pale huitwa Widal, kwa jina la Georges Fernand Widal aliyekieleza nchini Ufaransa mwaka 1896. Seramu ya mgonjwa huchanganywa na Salmonela waliouawa. Kama kuna kingamwili za kuwashika, wale bakteria hushikana vipande vipande. O ni ile sukari, yaani migomba, na H ni mkia ambao bakteria huutumia kuogelea. Nambari zinazofuata ni kiwango cha kuzimua. Fikiria juisi ya ubuyu iliyokolea: unaongeza maji, unatazama kama rangi bado ipo, unaongeza tena. 1:160 maana yake seramu ilizimuliwa hadi ikawa sehemu moja katika 160, na bado bakteria walishikana. Kipimo hakikuona bakteria hai hata mmoja. Kiliona kumbukumbu.

Na kumbukumbu hiyo inaweza kutoka kwingi. Baadhi ya sehemu za sukari ya bakteria wa taifodi zipo pia kwa Salmonela wengine wasiosababisha taifodi. Mtu aliyechanjwa, aliyeugua zamani, au aliyekutana na jamaa wa bakteria huyo katika maji au chakula bila kuugua, anaweza kuonyesha kiwango cha namna hiyo akiwa mzima kabisa. Hata kubadili shabaha kutoka kwenye sukari kwenda kwenye protini hakuondoi tatizo lenyewe; kipo kipimo cha haraka, Typhidot, kinachotafuta kingamwili dhidi ya protini moja ya utando wa nje wa bakteria wa taifodi, nacho kinasoma kumbukumbu vile vile. Kutenganisha IgM na IgG husaidia kiasi, kwa kuwa IgM mara nyingi hutangulia katika maambukizi mapya, ila si mpaka usiovukwa.

Hapa huwa naulizwa swali zuri: mbona kipimo cha haraka cha VVU nacho kinatafuta kingamwili, na tunakiamini? Tofauti ni kwamba VVU si mkazi wa kawaida wa utumbo wa mtu yeyote, hana majirani wapole wanaofanana naye ndani yetu, na akishaingia mwili hauwezi kumfukuza peke yake. Kwa hiyo mwenye kingamwili zake, baada ya majibu kuthibitishwa kwa utaratibu, anaye. Isipokuwa mtoto mchanga: huyu anaweza kubeba kingamwili za mama yake bila kuwa na virusi, na ndiyo maana aliye chini ya miezi 18 huchukuliwa tone la damu ya kisigino kwenye karatasi ili kitafutwe kirusi chenyewe. Kipimo cha haraka cha malaria ni habari nyingine tena, kwani hutafuta protini ya kimelea mwenyewe. Ukiambiwa "umepimwa damu," basi, uliza kimetafutwa mdudu au imetafutwa kumbukumbu yake. Karibu kila mkanganyiko wa taifodi ninaousikia hapa Moshi na Arusha unaanzia kwenye swali hilo ambalo halikuulizwa.

Gharama yake si ndogo. Utafiti uliofanywa hapa Moshi mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 walikuwa wamedhaniwa kitabibu kuwa na malaria. Vipimo makini vilithibitisha malaria kuwa chanzo kwa 14 tu kati ya wote 870. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa zinazotoka kwa mifugo na wanyama, virusi, na mambo mengine ambayo hakuna aliyeyafikiria mlangoni. Utafiti huo ulihusu zaidi malaria, lakini naona funzo lake linafika moja kwa moja kwenye taifodi: jina la ugonjwa likishaandikwa kwenye karatasi, utafutaji husimama, na chanzo halisi hubaki mwilini kikiendelea na kazi yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu inavunja imani nyingine iliyoenea, ile ya kwamba kingamwili zikiwa nyingi basi kinga ni imara. Kingamwili peke yake mara nyingi haiui. Mguu wake huita kundi la protini za damu liitwalo komplementi, ambalo hutoboa utando wa bakteria hadi apasuke, na hilo hufanikiwa pale tu utoboaji unapofanyika karibu na utando. Kumbuka kihamba. Aliyeshika jani la mgomba kule juu hajaugusa mlango.

Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi na watu wazima wenye VVU nchini Malawi walichapisha jambo la kushangaza. Watu hao hushambuliwa mno na Salmonela wasio wa taifodi, ambao huingia kwenye damu na kuua. Ungedhani wamepungukiwa kingamwili. Kumbe wengi wao walikuwa nazo tele, ila zilikuwa kingamwili za sukari. Zilijaa kwenye migomba hadi zile chache za kufaa, zinazoshika protini za utando wa nje na kuleta kifo cha bakteria, zikazuiwa kufanya kazi yake. Watafiti walipoziondoa zile za sukari katika seramu, uwezo wa kuua ukarudi. Nilipousoma utafiti huo kwa mara ya kwanza niliurudia mara mbili, maana ulikuwa unasema kwamba ndani ya damu ya mgonjwa dawa ilikuwepo, imefunikwa.

Hata hivyo, tusifikie kusema kwamba kila kingamwili ya protini ya utando wa nje ni rafiki. Bakteria wa kisonono ana protini moja, Rmp, na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu wanawake wa Nairobi walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa ulionyesha kwamba waliokuwa na kingamwili dhidi yake waliambukizwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kingamwili hizo huwakinga bakteria dhidi ya kingamwili nyingine. Protini hiyo ina ufanano na OmpA, ile ya fundi wa mageti. Swali la maana, kwa hiyo, ni kingamwili imeshika nini, wapi, na imemwita nani.

Kwa mtoto mchanga mambo haya huonekana kama mchana na usiku. IgG ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, nyingi yake katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na ndiyo sababu mtoto njiti huzaliwa na akiba pungufu. IgM, kwa ukubwa wake, haipiti. Dang'a na maziwa ya mama humwongezea IgA inayofanya kazi kwenye utando wa utumbo. Akiba ile ya IgG huisha taratibu katika miezi ya mwanzo, na mtoto hubaki kwenye pengo kabla ya kujijengea ya kwake. Utafiti wa Malawi wa mwaka 2008 ulionyesha hilo kwa Salmonela: wengi wa watoto wanaoshambuliwa ni wa chini ya miaka 2, na uwezo wa damu kuua bakteria huyo hupanda mtoto anapokua na kukusanya kingamwili. Jambo kama hilo lilikuwa limeonyeshwa Marekani mwaka 1969 kwa bakteria wa uti wa mgongo: umri ambao kingamwili za kuua ziko chini ndio ambao ugonjwa uko juu.

Pengo hilo ndilo linalojibu wale wanaosema kinga za asili zinatosha na chanjo ni za nini. Kinga za asili hujengwa kwa kukutana na bakteria, na mtoto wa miezi minane hana uhakika kwamba atakayekutana naye kwanza ni yule mpole. Chanjo humkutanisha na picha ya adui bila adui. Kwa bakteria wa uti wa mgongo wa kundi B (kundi la bakteria, si la damu), picha ya kawaida ya sukari haikufaa, kwa kuwa sukari ya ganda lake inafanana na iliyopo kwenye seli zetu za neva, na mwili husita kujishambulia. Wanasayansi wakageukia milango. Kuba ilitengeneza chanjo yenye vipande vya utando wa nje mwishoni mwa miaka ya 1980, Nyuzilandi ikatumia yake kuanzia mwaka 2004, na chanjo nyingine ya namna hiyo, Bexsero, ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Nyuzilandi kulionekana pia jambo lisilotarajiwa: waliochanjwa walipungukiwa na kisonono kwa takriban asilimia 31, kwa sababu bakteria hao wawili ni ndugu na baadhi ya malango yao yanafanana.

Kuhusu dawa, niseme kwa ufupi. Antibiotiki huua bakteria, haifuti kingamwili. Kurudia Widal baada ya dozi ili kuona kama "imeisha" ni kutazama kumbukumbu ukitarajia imfuate aliyeondoka. Na dozi isiyohitajika huwaondoa wale wapole wa utumbo waliotufundisha kinga, na kuwaachia nafasi waliozoea dawa.

Kinachoweza kusaidia ni kuotesha damu. Huchukuliwa kabla ya kumeza antibiotiki, ikawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikaangaliwa kwa siku kadhaa. Haina ukamilifu, kwani hugundua takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wenye taifodi kweli, lakini inapoota huonyesha bakteria mwenyewe, na maabara inaweza kujua ni dawa gani itamuua. Pale ambapo kingamwili ndizo pekee zinazoweza kupimwa, sampuli mbili zilizopishana kwa wiki kadhaa husema zaidi kuliko moja. Mtu akiutazama Mto Karanga mara moja hawezi kujua kama maji yanapanda au yanashuka.

Jirani yangu alirudi hospitali kesho yake asubuhi, dawa zikiwa bado kwenye mfuko, akaomba kuzungumza na daktari. Damu ilichukuliwa, chupa ikakaa siku tano, hakikuota kitu, na homa ilikuwa imekwisha siku ya tatu. Daktari alimweleza kwamba 1:160 ile huenda ataibeba kwa muda mrefu. Siku aliyoleta habari hizo aliniuliza tena kuhusu kundi lake la damu, maana lile swali sikuwa nimelijibu. Nilimwelekeza aende kuchangia damu, huko watampima.

Ni O.